Baa Thelathini na Mbili

Kwenye Orkesta Nyuki tarumbeta hunyamaza
baa thelathini na mbili kabla ya chemko.
Waimbaji wana beti zao, gitaa la solo lina kiburi chake,
mimi nina kimya, na kimya hicho nimekilima.
Mguu unahesabu, mkono unaandika:
kaunta buku juu ya spika, peni ya buluu,
sentensi moja kwa kila wimbo,
mbili kama mwimbaji amelewa akarudia ubeti.

Ndivyo nilivyoandika riwaya sita za mapenzi.
Usinicheke. Kuna waliojenga nyumba kwa matofali ya kuokota.

Anazichapa Mama Siwema nyuma ya soko
kwa mashine inayotafuna karatasi kama mbuzi.
Pini mbili, jalada la waridi, basi.
Nauza stesheni usiku, saa mabehewa yanapogawanywa:
haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, yale ya Mpanda,
na watu waliolaliana mabegani toka Dodoma
wanaagana kama waliozaliwa tumbo moja.
Hapo kitabu cha mapenzi hununuliwa upesi.
Elfu mbili. Aliyeachwa nampunguzia.

Katika zote sita yumo mpiga tarumbeta,
mrefu kidogo kuliko mimi, meno yamempanga vizuri,
na yumo mwimbaji wa gauni la kijani
ambaye kila kiitikio hugeuka nyuma, akamtazama.
Jina nabadilisha: Zaituni, Kalunde, Mwamvita.
Macho sibadilishi. Macho ni ya Nyamizi
aliyeimba nasi misimu mitatu ya tumbaku,
akageuka nyuma kila kiitikio,
kisha akaolewa Urambo na mpima tumbaku wa chama cha msingi.
Kwenye riwaya treni huharibika Usoke.
Yeye hushuka na sanduku, hurudi kwa miguu juu ya mataruma,
na mimi, yaani yule mrefu,
humsikia kabla hajaonekana.

Mwezi wa nane alishuka, amenenepa, miwani kwenye kamba.
Akachukua kitabu, akaanzia ukurasa wa mwisho
kama mnunuzi wa migebuka anavyofunua mashavu kwanza.
Akasoma amesimama chini ya taa.
Mguu wangu ukahesabu wenyewe.
"Mayunga," akasema, "gauni lile lilikuwa la kuazima.
La dada yako."
Akageuza ukurasa.
"Umeandika vizuri. Ila mimi nilikuwa namwangalia Kapaya."

Kapaya wa besi.
Aliyesimama nyuma yangu miaka yote, kimo cha kabati,
asiyetabasamu hata mbele ya mpiga picha.
"Alijua?"
"Kapaya? Kapaya alikuwa anaangalia vidole vyake."
Akalipa elfu mbili, akakataa punguzo,
akapanda behewa la Mwanza kumwona mjukuu.

Ijumaa tukapiga Isevya.
Kaunta buku juu ya spika, peni wazi.
Moja, mbili, tatu. Nikageuka
nimtazame alivyotazamwa:
jasho puani, gumba lenye kovu la waya,
na namna anavyoinama kidogo kabla ya noti nzito
kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Kumbe.

Kumi na saba, au kumi na tisa, sijui.
Thelathini na mbili zikapita, tarumbeta iko mapajani,
wachezaji wameganda mguu mmoja hewani,
na mwimbaji wetu mpya, binti wa watu,
akageuka nyuma kunitafuta kwa macho makali.
Kapaya hakuinua uso.
Akazungusha palepale, mara moja, mara ya pili,
akainama, akapisha,
mpaka nikapata mdomo.